Tusomeeni na chembe nyeupe

Mhariri,

Mimi ni mgonjwa wa figo, husafishwa damu kwa mashine (dayalisisi). Majibu ya maabara yakitoka, wauguzi hututajia himoglobini, yaani kipimo cha chembe nyekundu za damu, kisha karatasi inakunjwa. Wakati wengi wetu tunaishia kuuawa na moyo! Karatasi ileile ina idadi ya neutrofili na limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe za damu. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Uwiano ukiwa mkubwa huashiria mchochota mwilini, na tafiti zimeuhusisha na maradhi ya moyo na vifo kwa wagonjwa wa dayalisisi. Hakuna hata tone la ziada linalochukuliwa, nasi damu ya kuchezea hatuna. Najua maambukizi ya katheta (mrija wa kupitishia damu) au dawa za steroidi nazo huupandisha, na hakuna kiwango kimoja kilichokubaliwa. Basi madaktari waufuatilie mwezi hadi mwezi, na watuambie ukipanda.

Mgonjwa wa figo