Wamormoni, televisheni na ruhusa ya kutania

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji aliyeandika majuma mawili yaliyopita kuhusu wazazi wanaowazuia watoto wao kutazama vichekesho vya televisheni, akawatolea mfano Wamormoni wa Marekani na kuwaita watu wanaoogopa kicheko. Sina undugu wa dini na watu hao. Mimi ni Mwislamu wa Tanga. Lakini kati ya mwaka 2009 na 2013, nilipokuwa masomoni katika jimbo la Utah, nilipanga chumba chini ya nyumba ya familia moja ya Kimormoni mjini Orem. Nilikula mezani pao mara nyingi kuliko kodi yangu ilivyostahili, na jioni nyingi za baridi niliketi sebuleni kwao huku rimoti ikiwa mkononi mwa mama mwenye nyumba.

Nitawaita Wamormoni kwa kuwa ndilo jina wanalojulikana nalo, ingawa mwaka 2018 rais wa kanisa lao wa wakati huo, Russell M. Nelson, aliwaomba waumini na vyombo vya habari waliache, watumie jina kamili la Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Wenzao wapo hata kwetu: Kitabu cha Mormoni kinasomwa kwa Kiswahili, na hekalu lao la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025. Hata hivyo makao yao makuu yako Salt Lake City, na ugomvi wao na televisheni ninaouzungumzia ni wa huko Utah.

Nyumba ile ilikuwa na watoto watano. Kabla ya chakula cha jioni, vituo vya huko hurudia vichekesho vya miaka iliyopita, nusu saa hiki, nusu saa kile, na watoto walikuwa wakijipanga kwenye zulia kuvitazama. Jioni moja mama alisimamisha picha katikati ya kipindi, maana walikuwa na kifaa cha kurekodia, akamgeukia mwanawe wa miaka kumi aliyekuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

“Hebu nieleze kinachochekesha.”

“Baba yao amesahau siku ya kuzaliwa ya mkewe.”

“Mkewe analia. Hilo ndilo linalochekesha?”

“Wamecheka.”

“Akina nani?”

“Hao watu.”

Mdogo wake wa miaka minne akainuka, akaenda kuchungulia nyuma ya televisheni awaone.

Mama yule hakuzima televisheni. Alikiachia kipindi kiendelee, na baada ya dakika chache akakisimamisha tena, akauliza vilevile. Katika nusu saa ile alisimamisha mara nne, mpaka yule wa miaka kumi akaanza kucheka kwa tahadhari, akimtazama mama yake kwanza. Nilimhurumia kidogo, nakiri. Lakini tangu siku hiyo nami siwezi kukisikiliza kile kicheko cha watazamaji wasioonekana, ambacho watengenezaji hukikoleza kama mpishi anavyokoleza chumvi, bila kujiuliza ni nani hasa aliyecheka na kwa nini nimfuate.

Msomaji mwenzangu aliandika kana kwamba kinachowaudhi ni matusi tu. Matusi yanawaudhi, ni kweli, hasa jina la Mungu linapotamkwa ovyo kama alama ya mshangao, jambo ambalo wahusika wa vichekesho vya Marekani hulifanya karibu kila wanapofungua mlango. Katika hilo sikuona ugeni wowote, kwa sababu bibi yangu alikuwa akitufinya sikio kwa kusema “Wallahi” juu ya gololi. Lakini lililo zito zaidi ni ndoa. Wamormoni wanaamini kwamba mume na mke waliofungishwa ndoa hekaluni wamefungwa pamoja kwa milele, pamoja na watoto wao, na kifo hakiwaachanishi. Mwaka 1995 rais wao wa wakati huo, Gordon B. Hinckley, alisoma tangazo rasmi la kanisa kuhusu familia, na katika nyumba nyingi za Utah tangazo hilo hutundikwa ukutani ndani ya fremu. Pale Orem lilikuwa juu ya televisheni yenyewe. Sasa fikiria mtoto aketiye chini ya fremu ile, akitazama kipindi ambacho baba ni mjinga wa kila siku, mke anamdharau mbele ya watoto, na usaliti wa ndoa ni mzaha wa kufungia tukio. Kwa jirani asiye wa imani hiyo ni mchezo tu. Kwao ni mtu kukalia msahafu ili afunge kamba za viatu.

Sisi tunaotoka katika nchi ya utani tungepaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko Wamarekani wenyewe. Mnyamwezi anaweza kuingia kwenye msiba wa Mzaramo, akamcheka marehemu kwa ulafi wake, akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na wafiwa watacheka huku wanalia, kwa sababu ni mtani wao na ana ruhusa. Asiye mtani akithubutu nusu ya hayo ataondoka pale bila kiatu. Babu humwita mjukuu wake wa kike mchumba, na hakuna anayeshtuka. Baba mkwe akisema hivyo kwa mke wa mwanawe ukoo mzima utakutana. Kwetu mzaha haujawahi kuwa huru kwa kila mtu juu ya kila kitu. Yule mcheshi wa televisheni ameingia sebuleni bila kubisha hodi, anamtania mama wa nyumba mbele ya watoto wake, na utani wake na nyumba hiyo haukuwahi kuwekwa na mtu yeyote. Mama wa Orem hakujua neno utani, lakini nilipomweleza, alinitaka nirudie mara mbili, kisha akaliandika kwenye karatasi iliyokuwa kwenye mlango wa jokofu.

Si wote walio hivyo, na ni vizuri kusema. Nyumba ya jirani, ya waumini wa kanisa hilohilo, ilitazama kila kitu, na wanafunzi Wamormoni niliowafahamu walijua vichekesho vya ofisini na vya marafiki wa New York kwa moyo. Hata mama mwenye nyumba wangu, usiku mmoja nilipopanda juu kutafuta maji, nilimkuta peke yake mbele ya kipindi kilekile alichokuwa amewasimamishia watoto, sauti ikiwa chini kabisa, naye akicheka mkono mdomoni. Hakuaibika. Alisema yeye anajua mahali pa kutocheka, na wao bado. Najua msomaji ataita huo ni unafiki. Mimi nakumbuka kwamba baba yangu alikunywa kahawa chungu barazani miaka yote bila kumpa mtoto hata tone, na hatukumwita mnafiki.

Mahali ninapokubaliana na msomaji, ingawa yeye mwenyewe hakupafikia, ni pale uamuzi unapotoka mezani kwa familia na kuhamia kituoni. Kituo cha KSL cha Salt Lake City, ambacho redio yake ilianza mwaka 1922 na televisheni mwaka 1949, kinamilikiwa na kampuni ya kanisa iitwayo Bonneville International. Tangu mwaka 1995 kinarusha matangazo ya NBC, mtandao wa televisheni wa nchi nzima, na kwa miaka mingi baada ya hapo hakikuonyesha Saturday Night Live, kipindi mashuhuri kuliko vyote vya vichekesho vya usiku katika mtandao huo, ambacho wakazi wa mji walikipata kwenye kituo kingine. Mwaka 2003 kilikataa kichekesho kiitwacho Coupling. Kisha Agosti 2012, nikiwa hukohuko, kilitangaza kwamba hakitaonyesha The New Normal, kichekesho kipya kuhusu wanaume wawili wapenzi wanaomtafuta mwanamke wa kuwabebea mimba. Uongozi ulitaja lugha chafu, maonyesho ya wazi mno na dhihaka kwa makundi ya watu. Mwigizaji Ellen Barkin, aliyekuwamo katika kipindi hicho, alihoji hadharani inakuwaje tamthilia ya polisi yenye ubakaji na mauaji ya watoto ipite kwenye kituo hichohicho, na hiki kikataliwe.

Swali lake lilikuwa la haki, na sikusikia likijibiwa vizuri. Sheria ya Marekani inakiruhusu kituo kukataa kipindi cha mtandao wake, na hilo silipingi. Lakini KSL kilikuwa kikiwaamulia watu wa jimbo zima, wakiwamo Wakatoliki, Waislamu wachache kama mimi, wasio na dini, na Wamormoni wenye maoni tofauti. Mama wa Orem alisimamisha picha ili watoto wafikiri. Kituo kiliondoa picha yenyewe, na pamoja nayo kikaondoa la kufikiri. Hata baba mwenye nyumba, ambaye asingekitazama kipindi hicho kwa kulipwa, alisema mezani kwamba angependa akikatae mwenyewe. Kwetu tumeizoea zaidi njia ya kituo kuliko ya mama: mwaka 2017 Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya ilizuia katuni kadhaa za watoto, na nakumbuka wazazi waliopongeza walikuwa walewale wanaowaachia watoto rimoti kutwa nzima. Kipindi cha The New Normal, kwa taarifa ya wasomaji, kilifutwa na NBC wenyewe mwaka 2013 baada ya msimu mmoja.

Kuna njia ya tatu waliyoijaribu, ya mkasi, nayo niipitie haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Utah iliyoitwa CleanFlicks ilikuwa ikikata matusi na uchi kutoka kwenye filamu na kukodisha nakala zilizosafishwa, mpaka mahakama ya shirikisho huko Colorado ilipoamua mwaka 2006 kwamba huko ni kuvunja hakimiliki. Baadaye ikaja VidAngel, kampuni ya ndugu wa familia moja wa mji wa Provo iliyosafisha filamu vivyo hivyo kwa njia ya intaneti, ikishtakiwa na Disney na wenzake mwaka 2016. Mwaka 2019 baraza la wazee wa mahakama liliitoza dola milioni 62.4, na mwaka uliofuata wakapatana kwa milioni 9.9. Binafsi sikupenda nakala zile. Mzaha uliokatwa katikati huacha shimo, na watoto huwa hodari kuliko watu wazima katika kubuni kilichokuwamo.

Njia iliyonifurahisha ni kutengeneza vyao. Oktoba 2012, miezi miwili tu baada ya kelele za KSL, BYUtv, televisheni ya Chuo Kikuu cha Brigham Young kilichoko Provo, ilianza kurusha Studio C, kipindi cha vichekesho vifupi vilivyoandikwa na kuigizwa na vijana wa chuo hicho. Hakuna tusi wala mzaha wa kitandani. Kichekesho chao kilichosambaa kuliko vyote, cha Novemba 2014, wapenzi wa soka wa huku wengi wamekiona bila kujua kimetoka kwa nani: golikipa aitwaye Scott Sterling anaokoa penalti moja baada ya nyingine kwa uso, bila kukusudia, akianguka na kusimamishwa na wenzake kwa nguvu ili apigwe tena, huku watangazaji wakimsifu kama shujaa wa taifa. Kinachochekesha ni wale watangazaji, ambao hawaoni kwamba mtu anaumia. Nilikitazama nikiwa nimesharudi Tanga, nikakumbuka zulia la Orem. Ningependa kujua kama mama alikisimamisha, maana ni mtu anapigwa usoni mara tano, na mimi nilicheka kila mara.

Jambo moja linanizuia nisiwasifu kupita kiasi. Juu ya rafu ya nyumba ile palikuwa na kichekesho kimoja ambacho hakikusimamishwa hata siku moja, nacho ni The Cosby Show, kilichoonyeshwa na NBC kati ya mwaka 1984 na 1992. Baba ni daktari, mama ni wakili, wanapendana, watoto wana adabu, na mcheshi mwenyewe, Bill Cosby, aliyeigiza baba huyo, alijulikana kwa kutotukana jukwaani. Jumatatu, ambayo kanisa limeitenga tangu mwaka 1970 iwe jioni ya familia nyumbani, baada ya sala na somo, mara nyingi kilifuata hicho. Baadaye zaidi ya wanawake 50 walimtuhumu Bill Cosby kwa unyanyasaji wa kingono. Mwaka 2018 alitiwa hatiani, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ikaifuta hukumu hiyo kwa sababu za utaratibu wa mashtaka.

Nilimpigia simu mama yule mwaka ule wa 2018, tukasalimiana, nikamuuliza kuhusu ile rafu. Alinyamaza kidogo. Akasema zile diski hakuzitupa, amezishusha chini kwenye kile chumba changu cha zamani, ndani ya sanduku la nguo za baridi, na kwamba yule aliyekuwa wa miaka minne amemuuliza ni kipi hasa walichokuwa wakikicheka miaka yote ile, naye hajampa jibu.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi,
Tanga.