Rangi haizuii chumvi ya bahari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye maghorofa ya ufukweni.

Simama chini ya roshani ya ghorofa lolote la zamani karibu na bahari uangalie juu. Kwanza mstari wa kahawia, kisha plasta iliyovimba, kisha pande la zege limebanduka na nondo iko nje, imeliwa. Fundi anaitwa, anapiga plasta, anapaka rangi. Haupiti muda mrefu, mstari umerudi pale pale.

Anayefanya hivyo ni chumvi. Hupenya na maji kwenye vinyweleo vya zege hadi kwenye nondo na kuvunja kinga ambayo saruji huipa chuma. Kutu huhitaji nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo zege hupasuliwa kutoka ndani.

Nchi za baridi zina taabu hiyo hiyo na zaidi: humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na maji yakiganda ndani ya zege hutanuka kwa takriban asilimia 9. Ndiyo maana madaraja mengi huko hunyunyiziwa sileni (silane), dawa ya maji ya kukinga zege. Sileni si rangi. Huzama milimita kadhaa, hushikana na zege lenyewe na kulifanya likatae maji, huku mvuke wa ndani ukiendelea kutoka. Jua huichosha ya juu tu. Iliyozama hudumu miaka mingi. Dalili ya haraka ni hii: mwagia maji kidogo. Yakisimama matone kama juu ya jani la myugwa, kinga ya juu ipo. Zege likibadilika kuwa jeusi, uso wake unakunywa, ingawa iliyozama yaweza kuwa bado ipo.

Lakini sileni haifufui nondo iliyooza. Hapo lazima zege bovu libomolewe na chuma kisafishwe kwanza. Wala haimpi fundi ruhusa ya kumwaga slabu bila biskuti (vipande vidogo vya kuinua nondo ili zege liifunike) za kutosha chini ya nondo, kosa ambalo naliona kila mara.

Mwaka 2021 jengo la Champlain Towers South, Surfside, Florida, liliporomoka na kuua watu 98. Ripoti ya mhandisi ya 2018 ilishaonya kuhusu maji yaliyotuama na zege lililoharibika.

Naziomba halmashauri za miji ya pwani ziweke kinga hii ya sileni kwenye masharti ya vibali vya ujenzi. Nanyi wenye majengo, sileni hutaka zege kavu. Ifanyeni Januari na Februari, kabla ya masika.

Msimamizi wa ujenzi,
Tanga