Mwanangu, usinikatie tiketi ya kurudi

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Salamu sana, nawe uwasalimie wajukuu wangu. Mimi sijambo. Vidonge vya presha nakunywa kila asubuhi, hilo lisikukoseshe usingizi.

Mama, umeniuliza kwenye simu mzee mstaafu mwenye nyumba yake Tabora anatafuta nini kwenye nyumba za watu miezi yote hii. Kaka yako ndiyo kabisa, anadhani uzee umenipanda kichwani. Basi nisikilize.

Hapa Ujiji upo mnara wa Livingstone na Stanley, wale wasafiri wa Kizungu waliokutana mwaka 1871. Wageni wanafika, wanapiga picha, wanaondoka. Mimi niliuliza swali moja tu: mizigo ya Stanley ilifikaje hapa? Toka pwani ya Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 1,000, na reli ilikuja kufika Kigoma mwaka 1914. Mizigo ilikuja mabegani. Mpagazi mmoja alibeba frasila mbili hivi, kilo 30 na ushee, na wengi walikuwa Wanyamwezi, babu zetu sisi. Hata Livingstone alipofariki mwaka 1873, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao ndio waliobeba mwili wake hadi pwani, wakapitia hapo hapo Kwihara kwetu, jirani na Tabora. Mnara wao uko wapi?

Usije ukasema kama wengine kwamba wote walikuwa watumwa. Watumwa walipitishwa njia hii wakiwa wamefungwa, wengi mno, hilo halina ubishi. Lakini wapagazi wengi wa Unyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Posho ikipunjwa waliweka mizigo chini, msafara ukakwama porini mpaka mkubwa akubali kuzungumza. Wengine walimtoroka usiku. Ndiyo maana wasafiri wa Kizungu waliwaandika kuwa wavivu na wakorofi. (Wangekuwa wasafiri hao chini ya ule mzigo, ningependa kusoma wangeandika nini.) Babu yako alipoingia kwenye mgomo wa reli wa mwaka 1960, tukashindia mihogo mpaka tukaichukia, hakuwa ameanzisha jambo geni katika ukoo.

Kwa hiyo siko matembezini. Nakaa na wazee, naandika wanayoyakumbuka kwa wazazi wao. Shuleni wakiniruhusu nazungumza na watoto. Na kila nipitapo naomba kibao, hata cha bati, chenye neno wapagazi. Ofisi moja imenizungusha njoo kesho, njoo kesho kutwa. Naenda. Mstaafu ana nini cha kumharakisha?

Chakula kisikutie wasiwasi, migebuka na mawese vimeninenepesha. Nikitoka hapa ni Uvinza, kwenye chumvi ambako misafara ilikuwa ikisimama, kisha Urambo kwa Mirambo, yule mtemi wa zamani wa Wanyamwezi. Nyumbani nitapita kubadili nguo tu, halafu Kilimatinde, Mpwapwa, hadi Bagamoyo, kwa treni na basi, na kwa miguu pale magoti yatakapokubali.

Nina ombi. Ile picha ya babu yako na wenzake wa karakana iko kwenye sanduku la mama yako, chini ya kanga. Ipige kwa simu unitumie kabla ya Ijumaa. Mwalimu mmoja hapa anaitaka kwa ajili ya darasa lake. Nyuma yameandikwa majina, nayo uyapige.

Baba yako