Chakula cha kutafuta mimba ni cha watu wawili

Mheshimiwa Mhariri,

Nimesoma ule ukurasa wenu wa afya juu ya chakula cha mama anayetafuta mimba na nimefurahi sana mmeandika, maana hapa Bukavu, Kongo, hiyo kitu watu wanaiongelea chini chini tu. Lakini kutoka juu mpaka chini mlikuwa mnaongea na mwanamke peke yake, ale hiki, aache kile, baba mwenye nyumba hamkumtaja hata mara moja. Mimi ni muuguzi huku Kadutu, wamama wanaotafuta mtoto ninawapokea kila wiki, na karibu wote wanakuja peke yao.

Tena wanakuja na mizigo. Juzi mmoja alifungua kitenge akanitolea unga wa mizizi ndani ya mfuko, chupa ya maji machungu iliyotumwa na mama mkwe wake kutoka Walungu, na vidonge visivyo na karatasi wala jina, aliuziwa njiani ati vya kufungua mirija ya uzazi. Nikamuuliza, na bwana? Akasema, "Yeye iko muzima mama, yeye hana shida." Amepimwa? Akaangalia chini.

Sasa niseme wazi kabisa. Kati ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, karibu nusu shida ya mwanaume inakuwemo, ama yake peke yake ama pamoja na ya bibi yake. Na si kitu cha watu wachache, OMS, lile Shirika la Afya Duniani, ilitoa ripoti 2023 ikasema karibu mtu 1 kwa 6 duniani anapitia hiyo shida wakati fulani wa maisha. Kwa nini basi anayenyweshwa maji machungu ni mmoja tu?

Wababa, mbegu ya mwanaume inachukua karibu miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo unachokula na kunywa sasa ndicho kitaonekana miezi mitatu ijayo. Bia kila jioni, kanyanga ile pombe kali ya kienyeji, sigara, tumbo lile ambalo mtaani wanalisifu ati baba amepata, hayo yote yanapunguza nguvu ya mbegu. Na msikimbilie farmasi kununua vidonge vya zinki, maana Marekani walijaribu zinki na asidi foliki (vitamini moja ya kundi B) kwa wanaume zaidi ya 2,300 waliokuwa wanatafuta mtoto na bibi zao, matokeo yakatoka 2020, watoto hawakuongezeka. Kuleni chakula chenyewe, maharagi, samaki, mboga, matunda, mpunguze pombe, muache sigara.

Kwa wamama kuna jambo moja ningetaka mliandike kwa herufi kubwa, nalo ni asidi foliki. Sehemu ya mtoto inayokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo inafunga ndani ya siku kama 28 tangu mimba itunge, siku hizo wengi hata hawajajua kama wana mimba, halafu CPN, kliniki ya wajawazito, tunawaona mwezi wa nne, wa tano, imeisha zamani. Ndiyo maana kidonge cha mikrogramu 400 kwa siku kinaanzwa wakati wa kutafuta, si baada ya kupata, na kinaendelea mpaka wiki ya 12. Mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi aone dokta kwanza, dozi yake inakuwa kubwa zaidi. Kwa chakula, maharagi na lengalenga, yaani mchicha, ni nzuri sana kwa hilo, lakini lengalenga usiichemshe mpaka ikufe, moto mwingi unaua hiyo vitamini. Sombe, yale majani ya muhogo, lazima iive muda mrefu kwa sababu ya sumu ya muhogo, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Na damu. Wengi ninaowapima damu yao iko chini, na ukiangalia sahani unaelewa, samaki mkubwa kwa baba, mkia kwa watoto, mama anabaki na bugali na mchuzi. Halafu mnamwambia kula vizuri upate mimba! Ale vipi? Sambaza zetu, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, zinaliwa nzima na mifupa yake, zina protini, zina chuma, zina kalsiamu, mama apate kipimo kile kile cha baba. Maharagi yaende na nyanya au kipande cha limau, chuma inaingia vizuri mwilini, na chai asubiri kama saa moja hivi baada ya kula kwani chai inazuia chuma. Ule udongo wa kutafuna wa sokoni pia unazuia, tafadhali aache.

Mwili ukikonda sana yai linaweza kukosa kutoka, ukinenepa sana pia, na mama ambaye mwezi wake unaruka ruka asingoje, aje tumuone.

Lakini chakula kina mwisho wake. Mirija iliyoziba kwa sababu ya ugonjwa wa zinaa ambao haukutibiwa, hakuna mboga wala mzizi wa kuifungua, na huku kwetu Afrika ya kati hiyo ni sababu kubwa sana. Mmekaa mwaka mzima mnalala pamoja bila kuzuia na hakuna kitu, nendeni wote wawili hospitali, na kama mama amepita miaka 35 msingoje zaidi ya miezi 6. Mwanaume kipimo chake ni spermogramu, yaani kupima mbegu zake, hakuna kupasuliwa hakuna sindano, kwa nini mwanamke apitishwe vipimo vyote mpaka vile vya kuumiza kabla baba hajatoa hicho kimoja?

Ombi langu kwenu ni muandike ukurasa mwingine, wa wababa huu, na mwandishi wenu apite hospitali za Bukavu aulize bei ya spermogramu mahali kwa mahali aichapishe, maana wababa wengi wananiambia wanaogopa bei na ukiwauliza ni ngapi, hakuna anayeijua.

Muuguzi wa Kadutu,
Bukavu