Harambee: Vijia Vyetu vya Baiskeli Viingie Kwenye Ramani ya Msitu

Ndugu, jamaa na marafiki,

Jumamosi moja, mvua za masika zilipokatika, tulipanda msituni na vijana wetu tukakuta kijia chetu kimelaliwa na magogo ya saipresi. Waliokata walikuwa na kibali. Ramani waliyopewa haikuonyesha njia yoyote pale. Misimu mitatu tumechimba kwa jembe na sururu, na kwenye karatasi za serikali kazi hiyo haimo.

Sisi ni waendesha baiskeli za mlimani wa huku ukingo wa Kikuyu, msitu unaolitazama Bonde la Ufa kutoka juu ya Kijabe. Wengi wetu tulijifunzia kwenye Black Mamba za baba zetu, zile za kubebea maziwa. Vijia hivi tunavitumia pamoja na akina mama wa kuni, wachungaji na watoto wa shule, na tunataka iendelee hivyo.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inaruhusu wakazi, kupitia chama cha jamii cha misitu, kutia saini makubaliano na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Utalii na burudani ni miongoni mwa haki zinazoweza kuandikwa humo, sawa na asali na nyasi. Karura, jijini Nairobi, imeonyesha inawezekana: msitu ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea Januari 1999, leo watu wanaendesha baiskeli humo kwenye njia zenye vibao, na jamii inausimamia bega kwa bega na KFS.

Lakini makubaliano hayo yana wajibu wake, na wajibu huo tunautaka. Kijia kinachoshuka mlima moja kwa moja hugeuka mtaro mvua ya kwanza tu. Kikikatwa kuzunguka mlima kwa mteremko mdogo, chenye mabonde mafupi ya kuyatoa maji pembeni kila baada ya hatua kadhaa, udongo unakaa. Huku kwetu jambo hili si dogo. Aprili 2024 maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli pale Old Kijabe yalilibomoa usiku, yakashuka Mai Mahiu na kuua watu zaidi ya 40. Vijia havikuhusika na msiba ule, ila aliyezika jirani hawezi tena kuyachezea maji ya mlima huu. Ndiyo maana tumeshakubaliana kufunga vijia viwili vyenye mwinuko mkali na kuviotesha miti ya kiasili, hata kama ndivyo vijana wanavyovipenda zaidi.

Tunahitaji shilingi 480,000. Kubwa kuliko zote ni 180,000 za mpimaji, atembee kila kijia na kifaa cha GPS na kuchora ramani ya kuambatanishwa na mpango wa usimamizi wa msitu. Vibao vitachukua 130,000, mikutano ya vijiji 90,000, na 80,000 zilizobaki ni za majembe, sururu na toroli. Wanachama wameshatoa 112,000 mifukoni mwao.

Tunakuomba uchangie ulichojaliwa. Shilingi 200 ya mama wa sokoni itaandikwa kwenye daftari lile lile la elfu kumi ya aliye Nairobi au ng'ambo. Namba ya paybill iko kwenye kadi ya mchango. Kama hujapata kadi, mwombe aliyekutumia ujumbe huu. Kila mchango una risiti, na mweka hazina atasoma hesabu zote mbele ya watu.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi, uwanja wa shule ya msingi. Chai na viazi vitakuwepo. Mwenye jembe aje nalo, maana tukimaliza tutapanda pamoja kuzibua mifereji ya kijia cha juu kabla mvua hazijaanza.