Kabla ya Mkuku

Kwako swahiba wangu Rashidi,

Salamu nyingi. Barua yako imenifika, na ubishi wetu wa simuni bado unanikereketa. Unashikilia kwamba nchi tajiri ikikaza nia inaweza kuongeza manowari zake maradufu ndani ya miaka mitano, na shahidi wako ni Marekani ya Vita Kuu ya Pili. Basi nianze na huyohuyo shahidi, maana ndiye anayekuangusha.

Ni kweli, USS Essex, manowari ya kubeba ndege, iliwekwa mkuku, yaani uti wake wa chini, Aprili 1941 na ikaingia kazini siku ya mwisho ya Desemba 1942. Miezi 20 tu. Lakini tazama imeundwa wapi: Newport News, Virginia. Chelezo hizohizo zilikuwa zimekwisha kutoa Ranger (1934), Yorktown (1937) na Enterprise (1938), na Hornet ilikuwa njiani kukamilika. Mikono ya mafundi haikuwahi kupoa. Sheria ya kuanza kuongeza tena meli za vita ilipitishwa 1934, na ile kubwa ya bahari mbili Julai 1940, mwaka na zaidi kabla ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor. Hesabu kuanzia 1934, utaona kwamba hiyo haraka yako ina umri wa karibu miaka kumi.

Na tafadhali usiniletee tena ile meli ya Robert E. Peary. Najua iliundwa kwa siku 4 na saa 15, Novemba 1942. Zile zilikuwa mbio za kuonyeshana, vipande vikubwa vikiwa vimeshachomelewa pembeni kabla saa haijaanza kuhesabiwa, na yenyewe ilikuwa meli ya shehena yenye injini ya mvuke ya mtindo wa kizamani. Haina rada ya kuongoza makombora, haina ukimya wa nyambizi. Hata Dreadnought, manowari ya Waingereza iliyokamilika 1906 kwa muda wa kama mwaka mmoja, ilichukua mizinga iliyotengenezwa kwa ajili ya manowari nyingine mbili, Lord Nelson na Agamemnon. Hizo mbili zikabaki kusubiri. Haraka ya mmoja ililipwa na wenzake wawili.

Mfano ninaoupenda, au niseme unaonitisha, ni wa Barrow-in-Furness. Waingereza walikuwa wakiunda nyambizi pale mfululizo kwa miaka mingi. Kazi ya zile za Vanguard ilipokaribia mwisho, hapakuwa na nyambizi nyingine ya kuanza, na wafanyakazi wakapunguzwa kwa maelfu. Hakuna aliyefunga kiwanda, hakuna aliyevunja mtambo. Watu tu waliondoka, na kila aliyeondoka aliondoka na kitu ambacho hakikuandikwa kwenye mchoro wowote: bomba lipi litangulie kuingia kabla ukuta haujafungwa, wapi chuma hujikunja kikipata joto. Walipoanza nyambizi mpya, Astute, mkuku wake ukawekwa Januari 2001, walijikuta wakijifunza upya kazi waliyokuwa mabingwa wake. Ikabidi waombe msaada kwa Electric Boat, waundaji wa nyambizi wa Marekani. Astute iliingia kazini Agosti 2010. Fedha zilikuwepo, nia ilikuwepo. Kilichokosekana ni yule fundi mzee wa kumwambia kijana, "hapo usichomelee kwanza."

Utaniuliza, kwa nini wasinunue mchoro uliokwisha kupimwa majini? Wamarekani walifanya hivyo Aprili 2020 kwa frigeti, manowari za ukubwa wa kati, za Constellation. Walichukua mchoro wa Ulaya wa FREMM ili waokoe muda, kisha wakaanza kuongeza hiki na kubadili kile. Ni kama mtu aliyenunua shati lililoshonwa tayari, akalifumua lote. Uundaji ulianza 2022 michoro yenyewe haijakamilika. Ya kwanza, iliyotarajiwa 2026, ikasukumwa hadi 2029, na mwishoni mwa 2025 mpango ukakatwa, zikabaki mbili za mwanzo.

Najua utanitupia China. Sawa, nakubali, wale wanakwenda mbio. Manowari yao ya kwanza ya Type 055 iliteremshwa majini 2017 na kuingia kazini Januari 2020. Lakini China inaunda karibu nusu ya meli za biashara za dunia nzima. Mchomeleaji anayemaliza meli ya mafuta kesho yupo tayari kwa manowari. Na Liaoning, manowari yao ya kubeba ndege, je? Gamba lake lilifika Dalian 2002, likiwa limeshaelea tangu enzi za Wasovieti, na bado likahitaji miaka kumi.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii, uibishe ukipenda. Ndani ya miaka mitano utapata boti za doria, na meli kuukuu zilizofufuliwa. Rais Reagan wa Marekani alifanya hivyo, akazitoa mapumzikoni hata manowari za Iowa za wakati wa vita, na 1987 akafikisha meli 594 kati ya 600 alizozitaka. Frigeti za mfululizo zinataka miaka kumi. Nyambizi za nyuklia, hata Marekani yenye viwanda viwili vya kuziunda imelenga mbili kwa mwaka na kwa miaka ya karibuni inatoa kama moja na kidogo. Australia ilitangaza AUKUS, mpango wake wa nyambizi hizo pamoja na Marekani na Uingereza, 2021, na ya kwanza kuundwa kwao inatarajiwa mwanzoni mwa miaka ya 2040.

Halafu kuna mabaharia, ambao wewe huwataji kabisa. Ofisa wa kukabidhiwa manowari kubwa huchukua karibu miaka 20 kupikwa. Na kwa kila chombo kilicho doriani, kingine kiko mazoezini na kingine kiko chelezoni, kwa hiyo hata ukizipata hizo maradufu, theluthi ndiyo utakayoiona baharini.

Dau letu silikimbii, ila naomba tulibadilishe. Tusihesabu meli. Tuchague kiwanda kimoja, tusubiri miaka mitano, tuone kama meli yake ya pili imekamilika kwa muda mfupi kuliko ya kwanza. Ikiwa ndivyo, chakula ni juu yangu.

Wasalimie watoto na mama yao.

Wako,
Salimu