Saa ile ni ya mwanafunzi: barua ya wazi kwa vijana wetu wa uzamivu

Wanangu mnaosomea uzamivu wa hisabati Marekani,

Nimefurahi kusikia kwamba baadhi yenu mmejitolea katika ule mpango wa kusoma wawiliwawili, ulioanzishwa na wanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Chicago na sasa umeenea vyuo vingi. Unapangiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, mnachagua kitabu, mnakutana kama saa moja kila wiki, na mwisho wa muhula yeye anawaeleza wenzake alichosoma. Mimi nimefundisha hesabu mpaka nikastaafu, na ombi langu ni moja: saa ile msiigeuze mhadhara.

Najua inavyokuwa. Kijana amekwama, ameinamisha kichwa, na wewe jibu liko ulimini. Ukilitoa ataandika haraka na kukushukuru, na wiki ijayo hana habari nalo.

Chukueni nadharia ya Lagrange. Inahusu kundi, yaani mkusanyo wa vitendo, kama mizunguko ya umbo, ambamo ukifanya viwili mfululizo unapata kingine kilichomo humo humo; ukubwa wake ni idadi ya vitendo hivyo. Wanafunzi huimeza upesi: ukubwa wa kundi dogo lililo ndani ya kubwa hugawanya ukubwa wa hilo kubwa bila baki. Sasa muulize: je, kila kundi lenye ukubwa wa 12 lina kundi dogo la 6? Wengi hujibu ndiyo. Usimbishie. Mpe karatasi akunje piramidi ya nyuso 4, zote pembetatu sawa, aishike mkononi na kuhesabu mizunguko yote inayoirudisha ilivyokaa. Atapata 12, pamoja na ule wa kuiacha ilivyo. Halafu kati ya hiyo atafute 6 inayojitosheleza yenyewe, yaani iliyo kundi dogo. Atahangaika, labda wiki nzima. Mwache ahangaike, huko ndiko hisabati iliko! Akirudi amechoka, mdokezee hili tu: kundi dogo lililo nusu ya kubwa halina budi kuwa na kila mzunguko unaopatikana kwa kufanya mwingine mara mbili mfululizo. Ataona mwenyewe kwamba mizunguko 8 ya nyuzi 120 na 240 yote hupatikana hivyo. Yote 8 inadai nafasi, na nafasi ni 6. Aliyefika hapo kwa miguu yake hasahau, na wala hatawaogopa tena Lagrange na wenzake.

Jambo jingine ni ulimi. Vitabu vyetu vimejaa “ni dhahiri kwamba”, na nyuma ya maneno hayo mara nyingi pana kurasa mbili za kazi. Msiyaseme mbele ya kijana ambaye tayari ana shaka kama mahali pale ni pake. Akiuliza usichokijua, mwambie hukijui, kisha mkitafute pamoja ubaoni, chaki ikiwa mkononi mwake.

Kuhusu uwasilishaji sina mengi. Afanye mazoezi mbele yako, na achague mfano mmoja badala ya kukimbiza kitabu kizima. Msipokimaliza kitabu, msisononeke. Sura mbili alizozielewa zinatosha kwa muhula mmoja.

Nawatakia kazi njema.

Mzee wenu,
Mwalimu mstaafu wa hisabati